Jicho la Nyuma ya Tela

Siku tuliyokwenda kununua kamera ya nyuma ya tela letu, mume wangu alivaa shati lake la Jumapili. Ilikuwa siku ya kazi, jua limeshapanda, na hatukuwa na safari nyingine zaidi ya kuteremka Mkuyuni kwenye maduka ya vipuri. Nilimuuliza kama tunakwenda kununua kamera au kuposa. Akacheka, akaniambia nipande gari.

Nalikumbuka shati hilo kwa sababu alikuwa amelifunga kombo, kifungo cha juu kimeingia tundu la pili na ukosi umepanda upande mmoja. Nilimfungua nikamfunga upya, huku namsimanga kwamba anazeeka vibaya. Alisimama akaniacha nimfunge. Sikuwaza chochote. Mimi ni fundi cherehani, nimefunga watu vifungo maisha yangu yote.

Tela lenyewe ni karavani, nyumba ndogo ya bati jeupe juu ya magurudumu, yenye vitanda vya kukunja, makabati membamba na sinki ambalo kwetu halijawahi kutoa hata tone la maji. Mume wangu aliinunua kwa wageni waliokuwa wakifanya kazi migodini, mkataba wao ulipokwisha wakawa wanaondoka. Alikuwa amestaafu udereva wa malori na kukaa nyumbani kulimshinda. Mimi nilikuwa nimechoka kugombania kibaraza sokoni. Basi tukaingiza cherehani yangu humo ndani, tukaifunga karavani nyuma ya pikapu yake ya zamani, tukawa tunazunguka minadani na kwenye mialo, kule ufukweni ambako mitumbwi hushusha samaki na dagaa. Mimi nashona sare za shule na magauni ya kwaya, natia viraka suruali za wavuvi. Yeye anaendesha, anachemsha chai na kupiga soga na wateja. Kazi ikituchelewesha tunalala humohumo.

Nilikuwa na kazi nyingine, ya kusimama nyuma. Ambaye hajawahi kurudisha tela nyuma hajui mateso yake. Ukitaka liende kushoto unakata usukani kulia, ukichelewa kidogo linajikunja na kutaka kupanda juu ya gari, na vioo vya pembeni havikuonyeshi kitu ila ubavu wa bati. Kwa hiyo lazima awepo mtu nyuma. Tulikuwa na lugha yetu, ileile ya matingo, wasaidizi wa madereva wa malori: kofi moja kwenye bodi ni simama, mawili ni endelea. Na juu ya makofi kulikuwa na mdomo wangu, ambao haujawahi kuhitaji msaada. Njoo, njoo, kata kulia, njoo, hapohapo, paa! Kwa mdomo huo aliniita Redio, na akiwa na furaha aliniita mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mama.

Anayesimama nyuma ya tela amekabidhi uhai wake. Ama aliyeshika usukani anakuona, ama anakusikia, ama umekwisha. Mimi nilisimama pale miaka yote, tope mpaka kwenye vifundo, bila hofu hata kidogo, kwa sababu aliyeshika usukani alikuwa yeye.

Ndipo akaja na habari ya kamera. "Nimechoka kukuona kwenye matope na magoti yako hayo," aliniambia. "Sasa utakaa ndani kama mama mkubwa." Nilifurahi mno. Niliwasimulia wanawake wenzangu mnadani, wakasema bahati niliyonayo si ya kila mtu, wengine waume zao hata kiti hawawavutii. Nikavimba kichwa wiki nzima.

Mwenye duka alikuwa mwanamke wa makamo, mdomo mwepesi kuliko wangu. Alitupangia kamera juu ya kaunta. Ipo isiyo na waya, inarusha picha hewani, lakini kwa karavani ya bati akatuonya kwamba picha ingekuwa inakatikakatika. Ipo ya waya. Skrini nazo zilikuwa za namna mbili, nyembamba inayofungwa kwenye kioo cha ndani na kubwa ya kukaa juu ya dashibodi. Mimi niliipenda ile nyembamba, nadhifu, haijitangazi. Mwenye duka akaunganisha ile kubwa kwenye betri, akailekeza kamera nje.

"Tazama rangi hizo, baba. Ona yule mama na beseni lake la nyanya, unaweza hata kuzihesabu nyanya zake."

Mume wangu aliinamisha kichwa. Siku hizo alikuwa na tabia mpya ya kutazama kwa upande, kama kuku anayekagua punje kabla ya kuidonoa. Nilikuwa namtania kwamba ameanza maringo uzeeni. Aliikagua skrini namna hiyo kwa muda, kisha akauliza, "Inalia?"

"Nini ilie?"

"Ukikaribia kitu. Inakupigia kelele?"

Mwenye duka akamweleza kwamba vipo vidude vya kupachika kwenye bampa, vinahisi kitu kilicho nyuma na kulia ndani ya gari, kadiri unavyokaribia ndivyo vinavyolia kwa haraka. "Lakini kwa picha kama hii mlio wa nini, baba yangu? Si unaona kila kitu?"

"Nataka inayolia," alisema. "Na ilie kwa sauti."

Nilimwambia yule mama amsamehe, ni dereva wa malori, bila kelele hasikii raha. Tulicheka wote. Yeye alicheka pia, akichelewa kidogo.

Fundi wa umeme wa magari alikuwa na uwanja wake mtaa wa nyuma, chini ya mwarobaini. Alipotoboa bati juu ya dirisha la nyuma niliumia kana kwamba ananitoboa mimi. Akaipachika kamera pale, akaziba ukingo kwa gundi mvua isiingie, akapitisha waya ndani ya makabati yangu, juu ya kitanda, chini ya sakafu mpaka kwenye ndoano ya kuvutia tela, na pale akaweka plagi. Umeme aliuchukua kwenye taa ya rivasi, ili ukiingiza gia ya kurudi nyuma tu, kamera iamke yenyewe. Vile vidude vya kulia akavipachika kwenye bampa la karavani, vyeusi, vidogo, ungedhani ni vifungo vya koti.

Alipomaliza akamwambia mume wangu akae kwenye usukani, atie rivasi, amwambie anaona nini. Yeye akaenda nyuma ya karavani, akanyoosha vidole mbele ya kamera. Mimi nilikuwa nimeegemea dirisha la abiria, skrini iko mbele ya pua yangu.

"Vitatu!" nilisema.

"Mama, mwache mzee ajibu," fundi alipiga kelele kutoka nyuma. Akabadilisha.

"Viwili, na kimoja kina plasta." Ilinitoka kabla sijajizuia.

Mume wangu akacheka, akagonga usukani. "Redio imeshatangaza. Mnataka mimi niseme nini tena?"

Fundi naye akacheka, akaona mambo yamekwisha. Ni mimi pia niliyegundua kwamba picha imegeuka. Mwarobaini uliokuwa kushoto kwa karavani ulionekana kulia, na mume wangu alikuwa ameshasema picha safi kabisa, haina neno. Fundi akarudi, akakata kiwaya kimoja kidogo, picha ikageuka ikakaa sawa. Akamwambia, "Bila mama hapa ungemgonga mtu wa kushoto ukidhani yuko kulia." Mume wangu akajibu kwamba ndiyo maana alinioa. Nilijisikia vizuri sana kwa jibu hilo, nikamnunulia soda.

Basi tukaanza maisha ya kamera. Ukweli ni kwamba alirudisha tela vizuri kuliko zamani. Aliingiza rivasi, skrini ikawaka, kile kidude kikaanza ti, ti, ti, kisha titititi, kisha mlio mmoja usiokatika, naye akakanyaga breki, tela limesimama pale alipotaka. Watu walikuja kutazama. Minadani wenye malori walimuuliza ameinunua wapi. Mimi nilikaa ndani kama mama mkubwa, nikiona aibu kidogo na raha nyingi. Kila asubuhi nililipangusa lile jicho la nyuma kwa ncha ya kanga, kama ninavyopangusa miwani yangu. Vile vifungo vya bampa sikuvigusa hata siku moja, wala havikunijia akilini.

Nikirudi nyuma sasa naona mambo yalivyokuwa yamejipanga mbele yangu. Mimi ndiye niliyejulikana kuwa na macho mabovu katika nyumba yetu. Miaka mingi yeye ndiye aliyenitungia uzi kwenye sindano. Nampa sindano, analamba uzi, anafumba jicho moja, uzi umepita. Halafu akaanza kukataa. Mara mikono inatetemeka, mara ameshika masufuria, mara nisubiri kwanza. Nikalazimika kuwaomba wateja wanitungie. Nilimwambia siku hizi amekuwa mvivu hata wa kutunga uzi, akaomba radhi kwa unyonge ambao haukuwa wake.

Jua likianza kuinama alikuwa anataka tuwe tumeshaegesha. Mtu aliyevuka nchi hii usiku kwa usiku na mzigo wa pamba, sasa anaogopa saa kumi na moja jioni. Barabarani alipenda kujibanza nyuma ya lori moja na kulifuata mpaka mwisho wa safari, lori likipunguza naye anapunguza, hata kama tungeweza kulipita. Na ile kelele yangu, ambayo zamani aliinung'unikia, akawa anaitaka. Mimi nikiwa kwenye gari nasema kila ninachokiona, sijui kunyamaza. Tuta hilo. Ng'ombe hao, mchungaji wao kalala. Bodaboda anatoka kushoto, ona asivyo na akili. Zamani angeniambia niache kumfundisha kazi. Sasa nikinyamaza kidogo ananichokoza, "Redio, betri zimekwisha?" Nilidhani uzeeni amejifunza kunipenda kwa sauti.

Wivu nao ulinifanya kipofu kwa namna yake. Aliacha kusoma meseji. Simu ikilia mlio wa meseji anaiweka mfukoni, atasoma baadaye. Nikajua tu, kuna mwanamke. Siku moja alipokuwa anaoga nikaipekua simu. Meseji zote zilikuwa hazijafunguliwa, za kila mtu, hata za binti yetu wa Dar, na mwanamke hakuwepo. Nikashukuru Mungu, nikairudisha mfukoni kwake. Nilipaswa kuogopa siku ile, na mimi nikashukuru.

Sasa nifike kwa dada yangu.

Tulikuwa mnadani Kisesa, upande wa kwenda Bujora, tunafunga vitu ili tuondoke. Dada yangu mkubwa, aliyeolewa huko, alitembea na jua lake kuja kutuona. Alisimama kwenye kivuli cha karavani kunisubiri nimalize mteja. Mume wangu akatoka na ndoo ya maji machafu, akampita, bega kwa bega karibu. Hakusema shikamoo. Hakusema hata habari. Akamwaga maji, akarudi, akampita tena, akapanda gari. Dada yangu ni mtu ambaye mume wangu alimwamkia kwa kuinama tangu siku ya kwanza ya uchumba wetu. Kwetu upande wa Mara, na kwao Usukumani pia, jambo hilo halina jina zuri.

"Shemeji siku hizi ana nyumba ya magurudumu," dada alisema, akitabasamu kwa mdomo tu. "Sisi wa miguu hatuoni." Hakukubali hata chai. Aliniachia kifurushi cha michembe, viazi vya kukausha, alichoniletea, akaondoka, na mimi nikabaki nimekishika, uso unawaka moto.

Nilimvaa mume wangu kwenye gari. Nilimuuliza ni pepo gani limemwingia. Akashangaa, "Dada alikuwepo?"

"Umempita mara mbili!"

"Sikumwona."

"Mwanamke mnene vile, kitenge cha rangi ya machungwa mpaka kwenye kilemba, hukumwona?"

Alishika usukani kwa mikono yote miwili na kutazama mbele. Aliniambia kweli tupu, neno moja, na mimi nikalichukua kama dharau. Nikaamua kununa.

Sijui kama kuna anayejua kununa kama mimi. Nilifunga mdomo pale Kisesa, tukashika barabara ya mchepuko kwenda Usagara, na sikusema neno. Tulikuwa tunakwenda kwenye mwalo mmoja upande wa Kigongo, ambako wanawake wa dagaa waliniagizia sare za kikundi chao. Tuta la kwanza tuliliparamia kama halipo. Huko nyuma nikasikia cherehani yangu ikianguka. Nikauma meno. Mbele kidogo kulikuwa na mtu na baiskeli, magunia ya mkaa yamepanda mpaka juu ya kichwa chake, na tulimpita karibu kiasi kwamba niliona jasho la shingo yake. Mume wangu hakupunguza mwendo wala kuyumba. Nikamtazama. Jasho lilikuwa linamtoka yeye pia, na kwenye gari kulikuwa na upepo.

"Redio imezimwa leo?" aliuliza.

Nilijifunga kanga upya.

Tulikwenda mwendo. Akatafuta lori la kufuata, halikuwepo. Akapunguza mpaka watu wa pikipiki wakawa wanatupita wakitugeukia. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, "Ongea kidogo basi, mayu. Hata unitukane."

Niligeuza uso dirishani. Nilifurahi kwamba inamuuma.

Usiku uliotangulia mvua ilikuwa imenyesha, na njia ya vumbi inayoteremka kutoka barabara kuu kwenda mwaloni ilikuwa tope jekundu. Gari liliserereka, karavani nayo ikaserereka nyuma yake, ikijirushia matope mpaka kwenye madirisha. Kulia kwetu, kwa mbali, daraja lilionekana limelala juu ya maji, magari yanavuka bila kusubiri kivuko kama zamani. Mwaloni palikuwa kimya. Mitumbwi mingi ilikuwa imevutwa juu, na wanawake wachache walikuwa wamekaa mbali, kwenye vichanja vya dagaa, wakisubiri mawingu yaondoke.

Sehemu yetu tuliijua. Tunageuza gari, tunairudisha karavani nyuma kuelekea ziwani, mlango unatazama njia, tunaweka mawe kwenye magurudumu. Tulifanya hivyo mara nyingi. Akageuza. Mimi nikashuka, bado nimenuna, nikaupiga mlango kwa nguvu ili ajue. Sikuwa na mpango wa kumwongoza. Ana kamera yake, nilisema moyoni, ajiongoze. Nilikwenda nyuma kwa sababu nilitaka tu kutazama kama mlango wa karavani umefunguka na vitambaa vyangu vimelowa.

Na huko nyuma pakanitisha. Mahali tulipozoea kuegesha palikuwa na kijani kizuri, tambarare, kama uwanja wa mpira uliomwagiwa maji. Katikati ya kijani hicho zilisimama zile nguzo ambazo wavuvi hufungia mitumbwi yao. Nguzo hizo nilizijua. Mara ya mwisho zilikuwa ukingoni mwa maji na sisi tuliegesha huku juu yake. Nilikanyaga. Majani yakazama chini ya ndala yangu, maji ya baridi yakapanda mpaka magotini. Ziwa lilikuwa limepanda tangu tulipoondoka, na magugu maji yamekuja juu yake yakalifunika lote. Mimi nimezaliwa ufukweni, nimeyajua magugu hayo tangu yalipoanza kutuziba njia, na bado nilidhani ni majani ya nchi kavu. Nilirudi nyuma hatua chache nikapata tope gumu kiasi, nikageuka.

Karavani ilikuwa inakuja.

Ilikuja polepole, taa za nyuma zinawaka, na juu ya dirisha lile jicho dogo jeusi limenielekea. Lilikuwa safi. Nililipangusa mimi mwenyewe asubuhi ile, na matope ya njiani hayakufika juu pale. Nilisimama katikati kabisa. Niliinua mikono yote miwili, viganja wazi, kama mtu anayesimamisha basi. Sikufungua mdomo. Nilisema moyoni, kwa kiburi changu chote, anione. Amenunua skrini kubwa kuliko zote dukani. Anione basi.

Ikaendelea kuja.

Nilipunga mikono. Nilidhani ananitania, kwamba anataka kunilazimisha niongee kwanza. Bati likakaribia, likaziba barabara, likaziba vichanja vya dagaa na wale wanawake, likaziba mbingu. Mlio wa titititi sikuusikia, na kwa gari lile la zamani lenye madirisha wazi huwa nausikia hata nikiwa mbali. Nilitaka kupiga kelele na sauti ikakataa. Mimi, Redio, sauti ikakataa. Mguu mmoja ulikuwa umenasa kwenye tope, nyuma yangu maji, na bampa lilikuwa limefika kwenye tumbo langu lilipoinuka mkono wangu wenyewe na kulipiga bati kofi moja.

Gari likasimama papo hapo.

Niliegemea bati lile. Aliyesimamisha gari alikuwa dereva wa malori, aliyezoea kofi la tingo kabla hata hatujaoana, na mguu wake ulitii bila kumuuliza mtu. Niliinama ili nijinasue. Ndipo nikaona bampa. Tope jekundu lilikuwa limeganda juu yake lote, nene kama ugali, na vile vifungo vidogo vyeusi havikuonekana hata kimoja. Havikuwa vimelia kwa sababu vilikuwa vimezibwa. Nililitazama jicho safi pale juu, kisha nikalitazama bampa, na kitu kikaanza kunijia taratibu, na nilikiogopa kuliko nilivyoliogopa tela.

Nilichomoa mguu, ndala ikabaki. Nikatembea kando ya karavani, nimeshika ubavu wake, upande wa dereva. Injini ilikuwa inanguruma. Dirisha lake lilikuwa wazi na mkono wake wa kulia umelala pale juu ya mlango, kama siku zote. Nilifika nyuma ya bega lake. Ningeweza kumshika sikio. Hakugeuka, uso wake ulikuwa umeielekea skrini, kichwa kimeinama kwa upande, anaikagua.

Skrini ilikuwa inawaka, rangi zake zote safi kama siku ile dukani. Niliiona picha yote kutoka pale nilipo. Kijani tupu, nguzo za mitumbwi, na chini kabisa, karibu na bampa, ndala yangu moja nyekundu kwenye tope. Hapakuwa na mtu.

"Nimekuona, mayu," alisema, akiongea na skrini. Sauti yake ilikuwa ya upole, ya kusuluhisha. "Nilikuwa nakuona muda wote. Nimefurahi umekuja kunisimamia. Hapo uliposimama pazuri, ila rudi nyuma kidogo, kwenye majani, nipate nafasi ya kuingia."

Sikuweza kuvumilia. Nilimpenda mtu yule wakati ule kuliko siku nyingine yoyote, na nilimwogopa, vyote kwa pamoja. Nilipitisha mkono dirishani, mbele ya kifua chake, nikazima gari. Skrini ikawa nyeusi.

Alishtuka, akaukamata mkono wangu hewani. Aliupapasa. Aliigusa pete, kisha kidole changu cha kati, kile chenye sugu ya mkasi. Ziwa lilikuwa linapiga taratibu huko nyuma, chini ya magugu. Hakunitazama. Hakuuliza nimefikaje pale.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Tangu kabla ya kamera." Aliendelea kuushika mkono wangu. "Pembeni naona kidogo. Katikati ndiko macho yanakokwisha. Nilidhani kwa ule mlio, na wewe, tungefika mbali."

Nilitaka kumtukana, na maneno nilikuwa nayo mengi tangu Kisesa.

"Ongea, mayu," alisema. "Niambie kuna nini."

Nikamwambia. Nilimwambia kwamba mbele yetu kuna njia yenye tope, na juu yake vichanja vya dagaa, na wanawake wamesimama sasa wanatutazama. Nikamwambia kuna mbwa mmoja na mtumbwi wa bluu uliopinduliwa. Nikamwambia dada yangu alivaa machungwa. Halafu nikamwambia kwamba kule nyuma, pale aliponiambia nirudi, si majani, ni maji.